Taa kwenye Shimo la Ngano

Wingu zito lilikuwa limeshaumeza mlima, na shimo la ngano ndiyo kwanza limefunguliwa, linatoa harufu ya uchachu. Mbegu yote ya msimu ilikuwa imefukiwa humo tangu mavuno, na udongo wa juu ulikuwa umeanza kuvujisha maji. Ikinyeshewa itaota humohumo, na shamba lao pale Tiaret lilale bila kupandwa.

Hadda aliteremsha taa ya mafuta kwa kamba, polepole, kama mtu anayeteremsha ndoo kisimani. Ilipofika chini ya shingo ya shimo ikafifia, ikazimika.

"Upepo huo," alisema mumewe, Lakhdar, akijifunga kamba nyingine kiunoni.

"Upepo gani wa shimoni, Baba Yamina? Hewa ya humo imekufa. Taa ikizimika, na mtu huzimika."

"Kwa hiyo tungoje hadi adhuhuri shimo lipumue, tuchote matope?"

"Heri matope kuliko sanda."

"Ulimi wako ungekuwa jembe, mwanamke, tungekuwa tumeshalima wilaya nzima!"

Radi ikapiga. Lakhdar akasogeza mguu. Hadda hakubishana tena. Alijikalisha juu ya mdomo wa shimo, sketi zake zote zikauziba.

"Ondoka!"

"Pita juu yangu kama unaweza. Au vua joho lako tupepee hewa ya humo."

Joho lenyewe lilikuwa la sufu nyeupe, alilofumiwa na marehemu mama yake. Lakhdar alilitazama, akatazama wingu, akalivua akiguna. Wakalifunga kamba, wakawa wanalizamisha na kulivuta, kulizamisha na kulivuta, mpaka mikono ikawaka moto. Matone ya kwanza yalianguka yakiwa mazito kama zabibu.

Taa ikashushwa tena. Ikafifia. Hadda akazuia pumzi. Mwali ukatikisika, ukasimama.

"Haya, shuka. Nikikuita, uitike."

Kapu la kwanza likapanda, la pili, likafuata jingine. Kila kapu alimwita, naye akaitika kwa hasira.

"Baba Yamina!"

Kimya.

"Lakhdar!"

Hadda alikanyaga jiwe la ukingo wa shimo akavuta kamba kwa nguvu zote, huku akilia na mvua ikimpiga usoni. Kichwa kikatokeza, mashavu yamevimba. Lakhdar akatema punje mkononi.

"Nilikuwa naonja kama imeoza. Ni nzima."

Hadda alimzaba kofi, kisha akamkumbatia na vumbi lake lote.

"Kapu la mwisho liko wapi?" akauliza.

"Chini."

"Liache. Saidia kufunika haya yaliyotoka, yasilowe."