Tando Nilizozitupa

Hapa maabara naitwa Mkono Safi, na jina hilo nimelitolea jasho. Kazi yangu ni kuandaa ubongo wa marehemu ili daktari aupime: naumenya, naukata, vipande navizamisha kwenye nta, kisha nachana ukanda mwembamba wa kuweka chini ya hadubini. Kumenya ndiko kulikonipa sifa. Ubongo umevikwa tando, nami naweza kuzivua zikatoka nzima bila kuacha mkwaruzo. Zikishatoka zinakwenda kwenye ndoo, na ndoo inakwenda tanurini. Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo nilivyowafundisha wenzangu, na aliyeacha uchafu nilimsema mpaka akajuta kuja kazini.

Miaka sita iliyopita nilimmenya kaka yangu mkubwa. Mkuu wa maabara alinitaka nikae nje, nikakataa katakata; sikutaka mtu mwingine amguse. Kaka alikuwa ameumwa kichwa miezi minne, madaktari wakabahatisha hiki na kile mpaka akatutoka. Nilimfanyia kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya, isipokuwa mahali pamoja. Ndani ya ubongo kuna vyumba, na humo kuna kinyama laini kinachotengeneza maji ya kuuogesha ubongo. Kinyama hicho huwa nakinyofoa, kwa sababu kinakwamisha kisu. Siku ile machozi yalinizidi, nikakinyofoa upande mmoja, wa pili nikausahau. Kipande kikatoka kimechanika vibaya. Nilikisukuma nyuma ya kabati kikiwa ndani ya nta yake, wala sikukiandika kwenye orodha. Ripoti ikasema ubongo wa kaka haukuwa na kasoro yoyote.

Kuna mdogo wetu wa mwisho, wa kike, tunamwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haupumziki. Yeye ndiye aliyebaki kwenye nyumba ya wazazi, na njiwa wa kaka juu darini akawarithi. Mwezi uliopita alianza kushika kichwa. Shingo ikakaza, maneno nayo yakaanza kumpotea; akitaka sufuria anasema, "Nipe kile, kile cha moto." Nyumbani tulimtania, naye akacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, ili nifiche hofu.

Jumatatu, Kasuku akiwa amelazwa, daktari wake alinifuata maabara, mama mpole asiye na maneno mengi. Alisema maji ya mgongo wa Kasuku yana seli za kinga nyingi kupita kawaida, lakini kijidudu hakijaonekana. Kisha akanieleza jambo nisilowahi kulijali katika miaka yangu yote ya ndoo na kisu. Kuna seli za kinga zinazoishi kwenye zile tando na kwenye kile kinyama cha maji. Hizo haziingii ndani ya ubongo, zinakaa mpakani na kulinda. Kama walinzi hao wamewageukia wenye nyumba, Kasuku apewe dawa ya kuwatuliza. Kama wamejazana kwa sababu kuna adui, dawa hiyohiyo itawalaza usingizi, adui apite atakavyo. Hakuweza kusubiri zaidi ya siku moja kuamua.

"Nadhani ugonjwa ni uleule wa kaka yako," alisema. "Tando zake ziko wapi?"

"Zilichomwa."

"Na kile kinyama cha kwenye vyumba? Hata kidogo?"

Wenzangu watatu walikuwa wamesimama pale, mikono mifukoni, wakisikiliza. Niliwaza kukitoa kile kipande kilichochanika mbele yao, mimi niliyewasema kwa mkwaruzo mmoja. Nikajiambia kwamba kimeharibika, hakifai kitu.

"Hakuna kilichobaki," nikasema.

Siku mbili chakula kilinishinda. Jumatano asubuhi, wenzangu walipokwenda kunywa chai, nilivuta kabati nikakikuta kipo, na vumbi juu yake. Nilichana ukanda, nikautia rangi, nikainamia hadubini. Walinzi walikuwepo. Walikuwa wamebanana kwenye kile kinyama, wamevimba, na matumboni mwao mlikuwa na vijiduara vyenye ukingo mweupe. Sikuhitaji daktari wa kunisomea. Picha ya kuvu hiyo imebandikwa ukutani kwetu, juu ya sinki, na chini yake pameandikwa kwamba huishi kwenye kinyesi cha njiwa na kwamba dawa yake ipo.

Nikakaa chini sakafuni. Dawa ilikuwepo hata siku za kaka, na jibu ambalo lingemkinga Kasuku nilikuwa nimelitia kwenye ndoo kwa mkono wangu. Nilimpigia daktari, simu ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, ikawa vilevile. Nikampigia Kasuku wodini, naye akapokea hapohapo.

"Kaka, kichwa kimetulia," alisema. "Tangu ile sindano ya jana. Nimelala usiku kucha. Na maneno yamerudi, sikiliza: sufuria, sufuria, sufuria."

Nilimuuliza sindano ya nini. Akasema ya kutuliza kinga, daktari aliamua kuanza kwa sababu kule maabara hakukupatikana kitu. Leo wamemwongeza nyingine, kubwa zaidi.

"Kesho naruhusiwa," akaendelea. "Nikifika tu napanda darini. Njiwa wa kaka hawajafagiliwa banda wiki nzima."

"Usiende popote," nikamwambia. "Mwite muuguzi sasa hivi, mwambie dawa isimamishwe. Kuna kitu nilimficha daktari wako."

Akaniuliza nimeficha nini, na kwa nini nalia, na kama ni jambo la kaka. Sauti yake ilikuwa nzima kabisa, haikupotewa na neno hata moja.