Madoadoa ya Fremu

Isaro aliitengeneza fremu kama wachoraji wa Flandria, Ubelgiji ya leo, walivyofanya karibu miaka mia sita iliyopita. Ubao wa mwaloni aliuingiza ndani ya fremu kabla ya kuchora, akavipaka vyote chaki na gundi mpaka vikawa kitu kimoja. Upande wa chini aliuchonga kwa mteremko, kama sehemu ya chini ya dirisha. Kisha fremu nzima akaipaka rangi nyekundu na kuirushia madoadoa meupe na meusi, ionekane jiwe.

Alisoma Columbus, Marekani, ila kazi aliifanyia Shively, Louisville, kwenye gereji yenye vifaa vya binamu yake Ngarambe. Jumatatu alisubiriwa Amherst, karibu na Buffalo, kwa usaili wa kazi ya kukarabati picha za kale. Kila mwombaji alete kitu alichokitengeneza mwenyewe.

Asubuhi ya kuondoka aliikuta fremu mezani, imelowa. Upande wa chini haukuwa na doa hata moja.

"Shangazi! Umefanya nini?"

"Nimekuokoa," alisema shangazi Nyirangabo, mama yake Ngarambe, kitambaa mkononi. "Kitu hakitoki kwangu kikiwa kichafu. Bon, nani alirusha rangi hivi? Ngarambe?"

"Ni mimi."

"Wewe? Na masomo yote hayo?"

"Ni jiwe, mama," Ngarambe alisema, akijizuia kucheka. "Ameiga jiwe."

"Si angechukua jiwe? Hapo nje yamejaa."

Akiyarudishia madoadoa, rangi ya mafuta isingekauka kufikia Jumatatu. Isaro aliifunga fremu ilivyo.

"Utawaambia nini?" Ngarambe aliuliza.

"Ukweli."

"Donc, unitaje jina," shangazi alisema. "Wajue nani alifanya kazi."

Huko Amherst, mtaalamu mkuu alipitisha kidole upande wa chini.

"Fremu za kale huchakaa hapa hapa, kwa kufutwafutwa. Wengi huiga uchakavu huo kwa msasa, na uongo unaonekana. Wewe umetumia nini?"

"Maji moto, sabuni na shangazi yangu. Sikumtuma."

Wataalamu wenzake wawili walicheka. Yeye alishika kalamu.

"Sabuni gani?"

Isaro hakujua. Aliomba ruhusa, akapiga simu.

"Ya vyombo, ile ya kijani," shangazi alijibu. "Lakini nguvu ni za mkono. Wamekupa kazi?"

Isaro alitafsiri habari ya sabuni tu.

"Amesema zaidi ya hapo," mtaalamu alisema.

"Anauliza kama nimepata kazi."

"Mwambie umepata. Ila akija kukutembelea, zetu asiziguse."