Barua Zimeanza Kufika

Seva ilikaa chini ya meza ya kupigia pasi, imefunikwa kitenge kuukuu ili Bonge asizione taa zake akaenda kuzitia mate. Ilikuwa kompyuta ya mtumba, feni yake inakoroma, na baba yake Bonge alikuwa ameshaikubali kama mtu anavyomkubali mpangaji mwenza. Kila asubuhi akifunga kamba za viatu aliijulia hali.

"Mume mwenzangu ameamkaje?"

"Mzima. Anakoroma, lakini si kama wengine," Mama Bonge alimjibu, mtoto kiunoni, jicho kwenye skrini.

Ungeweza kudhani ni mchezo tu wa mtu aliyesoma kompyuta masomo ya jioni na hataki cheti chake kipate vumbi. Sivyo. Seva ile ilikuwa na kazi moja, kumficha dada yake Mama Bonge.

Dada alitoka kwa mumewe na nguo alizovaa, mkono umefungwa bandeji. Binti yao, Kijino, alibaki kwa baba maana saa ile alikuwa shuleni. Tangu hapo Dada aliishi kwa nesi mmoja mstaafu waliyemwita Shangazi, mbali, katika nyumba ambayo hata ndugu wengine hawakuijua. Simu hakuthubutu kuigusa. Shemeji alifanya kazi kampuni ya simu, upande wa laini za simu na intaneti za majumbani, na mtu wa kule akitaka kujua laini fulani iko nyumba gani, ni kubonyeza tu. Barua pepe za yale makampuni makubwa nazo hazikufungulii mpaka utoe namba ya simu. Ndipo Mama Bonge akaamua kujenga posta yake mwenyewe, ili mtoto aweze kuandikiwa na mama yake kwa kompyuta ya nesi.

Watu wengi hawajui kwamba barua pepe hubeba mgongoni mihuri ya kila mahali ilikopita, kuanzia laini ya nyumba ilikoandikwa. Msomaji wa kawaida haioni. Anayejua pa kubonyeza anaiona yote. Kwa hiyo Mama Bonge aliiwekea seva mstari mmoja wa maagizo, wa kuufuta ule muhuri wa kwanza. Kwamba Shemeji angechungulia barua za mtoto, hilo walilijua tangu mwanzo. Ila asingeambulia kitu.

Tatizo likawa barua hazifiki. Seva inatuma, kampuni inayotunza kikasha cha Kijino inajibu kwa adabu kwamba imepokea, halafu kimya. Barua haikataliwi, hairudishwi. Inatupwa kwenye taka pamoja na matangazo ya bahati nasibu na dawa za nguvu za kiume, kwa kuwa seva ndogo ya chini ya meza haina mdhamini, na mtu fulani aliyewahi kutumia anwani yake ya mtandao kabla yake alitapanya uchafu dunia nzima.

"Mdogo wangu," Dada aliandika, "mwanangu atakua akijua mama yake alinyamaza."

Mama Bonge aliisoma akiwa ananyonyesha. Akashindwa kumtazama mtoto usoni.

Basi akabomoa akajenga upya. Alikodi anwani nyingine isiyo na doa, akafuta kila kilichokuwemo, akasimika programu mpya, akatimiza masharti ya yale makampuni makubwa: saini ya kuonyesha barua haikuchezewa njiani, tangazo la seva gani inaruhusiwa kutuma, jina na anwani vilingane. Bonge alikuwa anaota meno. Analia, anabebwa, anawekwa chini, analia tena. Kazi yote ilifanywa kwa mkono mmoja.

Dada alipojaribu, jibu lilirudi chai haijapoa.

"mama nilifikiri umenisahau. jino la mbele limeota. unakolala kuna baridi"

Dada alilia kule, Mama Bonge akalia huku, na baba yake Bonge akaipigia seva saluti. "Mume mwenzangu, leo umeniacha mbali."

Siku zilizofuata barua zilipishana kama watoto kwenye mlango wa darasa. Lakini kuna kitu kilikuwa kinamkereketa Mama Bonge, kama mtu aliyefika safari halafu hana hakika kama alizima jiko.

"Kuna kitu nimesahau," alimwambia mumewe mezani.

"Chumvi," mumewe akasema, akaendelea kula.

Jumamosi, jua limeshapanda, barua iliingia kwenye anwani ya msimamizi wa seva, ambayo Kijino hakuwahi kuiandikia. Ilitoka kwenye kikasha cha Kijino. Ilikuwa na nukta na herufi kubwa mahali pake.

"Shemeji, hongera kwa kazi nzuri. Barua zenu sasa zinafika, tena zimekamilika. Usihangaike na usafiri wa dada yako. Nitamfuata mwenyewe."

Lile neno "zimekamilika" alilirudia kulisoma. Akafungua nakala ya barua ya jana, akaigeuza mgongo. Muhuri wa kwanza ulikuwepo, namba kwa namba, laini ya nyumbani kwa nesi. Ule mstari wa kuufuta aliubomoa pamoja na vingine, na wakati wa kujenga hakuurudisha.

Kulikuwa na namba moja waliyokubaliana isipigwe ila nyumba ikiwaka moto. Akaipiga.

"Nani mwenzangu?" nesi akauliza.

"Ni mimi, Shangazi. Mdogo wake."

"Kuna moto?"

"Upo. Yeye yuko wapi?"

"Uani, anafua. Hebu subiri nikafungue geti, kuna mafundi wa kampuni ya simu hapo nje. Intaneti imekatika tangu asubuhi."

"Shangazi, usifungue."

"Wamevaa sare, mwanangu."

"Wewe uliwaita?"

Nesi akailaza simu mezani bila kuikata. Mama Bonge akasikia kunong'ona, ndoo ikipinduka, komeo la mlango wa nyuma likivutwa. Kisha ndala zilizolowa zikikimbia, chapa chapa chapa, zikififia. Akaomba ziendelee kufifia.

Geti likagongwa. Taratibu, kama mgeni mwenye adabu zake.

Chini ya meza taa ya seva ikapepesa. Barua mpya, haina herufi kubwa hata moja.

"mama baba ametoka na gari la kazini amesema leo unarudi. nimekutandikia upande wa dirishani"

Bonge akaamka akaanza kulia. Mama Bonge akampakata, akabana simu kwa bega, na kwa mkono uliobaki akauandika ule mstari, herufi baada ya herufi, akausoma mara ya pili, akauhifadhi. Geti lilikuwa bado linagongwa. Kila lilipogongwa, akilini aliziona ndala zile zimefika mbali kidogo zaidi.