Namba Nane

Kaka yangu Wamalwa alirithi miguu ya marehemu baba yetu, aliyefanya kazi ya reli hapa Nakuru: mipana, minene, na kila kidole kinataka chumba chake. Kumpatia kiatu ni shughuli. Sasa wiki moja kabla ya wakwe kuja kuposa, binti yake Nekoye akamletea viatu vyeusi vya ngozi, vinang'aa, vimechongoka mbele. Alivinunua kwa mshahara wake wa kwanza, na namba alikisia tu.

Wamalwa akavilazimisha, akasimama, akasema, "Ni kama vilikuwa vinaningoja."

Nilikuwa nimeketi kando yake. Niliona jasho likimtoka puani. Msichana alipoondoka nikamwambia aseme ukweli, vibadilishwe.

"Nabalayo," akaniambia, "ukifungua huo mdomo, nyama ya wakwe utaisikia harufu tu."

Nami nyama naipenda, kwa hiyo nikanyamaza. Wiki nzima nikamwangalia akihangaika. Alivijaza viatu magazeti yaliyoloweshwa maji. Alivaa soksi mbili akazunguka sebuleni akiguna. Mwisho alimenya viazi, akavishindilia ndani vikalala humo usiku kucha, maana kuna mtu alimwambia kiazi hutanua ngozi. Mke wake alililia viazi vyake. Viatu vilinuka jikoni na havikutanuka hata kidogo.

Jumamosi wakwe wakafika kwa Wamalwa, mtaani Kiamunyi, kutoka Molo. Walikuja na kijana mwenyewe, Kigen. Mama yake, Jeruto, ambaye ni mjane. Na ami yake, Bethwel, aliyekuwa msemaji wao. Upande wetu msemaji alikuwa binamu yetu Sitati, mtu anayependa sauti yake kuliko chai.

Sasa, katika mazungumzo haya kwetu, hakuna kitu kinachoitwa kwa jina lake. Msichana ni ndama aliyepotea. Ng'ombe wa mahari nao hawatajwi kabisa, inatajwa namba tu. Na baba wa msichana haongei. Kazi yake ni kukaa na uso mzito mpaka mwisho. Kazi hiyo Wamalwa aliifanya vizuri mno siku hiyo. Jeruto alimtazama mara moja, akaweka kikombe chini, hakukigusa tena.

Hata hivyo mambo yalikwenda. Wakafika nane, Sitati akaridhika, tukapiga makofi. Ikabaki baba asimame, atoe neno moja, tuombe, tule.

"Mzee," Bethwel akasema, "tumefika nane. Tunataka tu kusikia kwa mdomo wako. Uko sawa na hiyo nane?"

Wamalwa akasimama. Uzito wote ukashuka kwenye vidole.

"Wakwe, mimi siwezi danganya mbele ya Mungu. Hiyo nane imenishinda."

Bethwel akamtazama Sitati, kisha akamgeukia Wamalwa.

"Imekushinda aje, mzee, na tumeshaelewana?"

"Nyinyi mnaiangalia tu kwa macho. Mimi ndiye najua vile inaniuma."

"Basi sema namba yako."

"Kumi! Tangu nikiwa kijana ni kumi. Hata marehemu baba alikuwa kumi."

Sitati alishtuka, lakini kwa kuwa ni msemaji akatingisha kichwa polepole, kana kwamba walipanga hivyo tangu jana.

"Na tukikutana hapo kwa tisa?" Bethwel akauliza kwa upole.

"Tisa nilishajaribu. Nusu saa tu, damu ikatoka."

"Damu?" Bethwel akachukua kofia yake. "Mzee, tupe dakika tushauriane nje."

Wakatoka, wakasimama karibu na tangi la maji. Kupitia dirishani nilimwona Jeruto akijifuta macho kwa kitambaa. Nekoye akaingia kutoka jikoni, mwiko ukiwa bado mkononi.

"Baba, hawana kumi wa kutoa! Wale wengine wawili ndio wa maziwa, ndio wanasomesha ndugu zake Kigen. Kama hutaki niolewe, niambie tu. Usiwafukuze na hesabu!"

"Nani ameongea mambo ya ng'ombe?" Wamalwa akashangaa.

"Sasa hiyo kumi ni ya nini?"

Wamalwa akanitazama, nikatazama dari, maana nilikatazwa kusema. Maskini kaka yangu, nilimwonea huruma kwa kweli. Nje, Bethwel alikuwa tayari anafungua mlango wa gari.

Wamalwa akaketi. Akainama, akavuta kiatu cha kwanza, kikatoka na soksi, kisha cha pili. Vidole vilikuwa vyekundu, vimelaliana, na visigino vimechunika.

Nilikimbia nje nikipiga kelele, "Ni viatu! Rudini! Ni namba ya viatu!"

Waliporudi ndani na kuiona miguu, Bethwel alicheka mpaka akashika ukuta. Jeruto hakucheka. Aliomba karai la maji ya uvuguvugu na chumvi, akaliweka mbele ya Wamalwa. "Weka miguu hapo, baba Nekoye. Na hiyo nane yako wachia Kigen. Yeye ndiye huvaa nane."

Hapo sote tukacheka, isipokuwa Nekoye.

"Wiki nzima, baba? Si ungeniambia tu?"

"Ningekuambia aje?" Wamalwa alisema, miguu ikiwa majini. "Unatoka kwangu. Nilitaka uende ukijua vilinitosha."

Nekoye alipiga magoti, akautoa mguu mmoja majini, akaupima kwa shubiri kutoka kisigino hadi kidole gumba. Kisha akaupima tena, maana mara ya kwanza machozi hayakumwacha aone.