Amri ya Tunza

Mchoraji alifanyia kazi kwenye chumba cha mbele, kati ya kochi na dirisha, na kwa miaka sita kompyuta yake ya mezani ilikuwa kama kabati lililofunguliwa na watoto. Alichora maua, majani na mistari ya vitambaa vya pazia na mashuka, kwanza kwa penseli daftarini, kisha kwenye kompyuta, na kila mchoro aliomaliza aliuacha pale ulipoangukia. Mafaili yake yaliitwa "mpya", "mpya kabisa" na "hii ndiyo".

Siku moja alihifadhi mchoro wa asubuhi juu ya mchoro uliomchukua wiki mbili, kwa kuwa yote miwili iliitwa "hii ndiyo". Hakulia. Alikaa tu mikono mapajani akiitazama skrini, mpaka mumewe, dereva wa gari la wagonjwa, alipoona hali si hali, akampigia simu mdogo wake wa kike.

Huyo mdogo mtu walimwita Betri tangu utotoni, maana hakujua kuchoka. Alikuwa fundi wa kompyuta kwenye duka la kuchapisha mabango. Jumamosi asubuhi alifika na mkoba begani.

"Wifi nimefika," alisema mlangoni, "na mimi siishi kwa bando."

Mchoraji alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Walipendana sana hawa wawili. Mtoto wa pili alipozaliwa, Betri ndiye aliyekaa naye hospitali tangu uchungu ulipoanza, huku mume akiwa barabarani amebeba wagonjwa wa watu wengine. Mbele za watu mchoraji hakumwita wifi. Alisema, huyu ni mdogo wangu.

Betri alivuta kiti, akafungua mipangilio ya mfumo, akaanza kugusa kona ambazo mwenye kompyuta hakujua kama zipo. Dirisha la mafaili, ambalo siku zote lilifungukia kwenye orodha ya vitu visivyomhusu, likawa linafunguka moja kwa moja kwenye folda ya Michoro. Vipicha vya mafaili akavikuza, ili kila mchoro uonekane bila kufunguliwa. Upande wa kushoto kulikojaa majina ya folda, akayaondoa yote akabakiza matatu. Kisha akazama ndani zaidi, sehemu ambayo kompyuta ilitoa onyo kwanza, akaandika mistari michache kwa haraka.

"Haya, bofya faili lolote kwa kitufe cha kulia."

Menyu ndogo ikatokea. Chini kabisa palikuwa na neno ambalo halikuwepo: Tunza.

"Ukimaliza mchoro, bonyeza hapo," Betri alisema. "Nakala inakwenda mahali salama. Hata ukiufuta kwa bahati mbaya, hata kompyuta ikiungua, upo."

"Mahali gani?"

"Salama, wifi. Wewe chora. Mambo ya mafaili niachie mimi."

Akamwachia. Kwa mwaka mzima na miezi miwili, kila alipoweka kalamu chini alibofya Tunza, kama mtu anavyozima taa akitoka chumbani. Alitunza iliyokamilika, akatunza na ile aliyoona haifai kutoka nje. Kazi ikawa nyepesi. Aliwaambia wenzake kwamba ana wifi ambaye hata wao wangemtamani.

Kisha jino likamuuma. Alikwenda kwa daktari wa meno, akachomwa ganzi, akaambiwa asubiri ukumbini ishike. Akaketi mkabala na dirisha lenye pazia jipya la kijani, lenye matawi yanayopanda yakipishana. Alilitazama jinsi mtu anavyotazama chochote akiwa anangoja. Halafu jicho likanasa mahali tawi moja lilipokatika, likaendelea upana wa kidole pembeni, kama mfupa uliounga vibaya.

Kosa lile alilijua. Alihangaika nalo siku nne. Mchoro wa kitambaa hurudiwa juu hadi chini, na ule haukukubali kuungana na marudio yake ya chini, akaukatia tamaa, akautunza, akaendelea na mengine. Hakuwahi kumwonyesha mtu yeyote.

Aliinuka, akageuza ukingo wa ndani wa pazia. Kiwanda cha vitambaa kilikuwa kimechapa jina lake na, chini yake, maneno madogo meusi: Mchoro wa Betri.

"Mama, daktari anakuita," mhudumu alisema.

"Haya mapazia mlitoa wapi?"

"Yamejaa madukani. Mazuri, eh? Hata kwangu nimetundika."

Alirudi nyumbani jino likiwa limeng'olewa na nusu ya mdomo ikiwa si yake. Alifungua dirisha la mafaili, akabofya kitufe cha kulia, akalitazama neno Tunza. Neno halikumwambia kitu. Akaingia kwenye mipangilio peke yake, akasoma mstari mmoja mmoja, polepole, akirudi nyuma kila alipopotea. Kwenye sehemu ya mwonekano wa folda akakuta kisanduku kisicho na alama: onyesha vilivyofichwa. Akakiwekea alama.

Pembeni ya Michoro ikajitokeza folda nyingine, imepauka kama nguo iliyofuliwa mno. Ndani yake mlikuwa na michoro sitini na mmoja, imepangwa kwa tarehe. Pamoja na folda palikuwa na maelezo ya akaunti iliyokuwa ikipokea nakala. Anwani ile aliijua kwa kichwa. Ndiyo aliyokuwa akitumia kumpelekea Betri picha za watoto.

Mumewe aliingia jioni, akavua viatu, akamkuta bado amekaa pale.

"Jino limetoka?"

"Limetoka. Njoo uone."

Alimwonyesha folda, akamweleza pazia. Alisema kwa shida, mdomo ukimburuta, lakini kila neno lilisikika. Mume hakushtuka. Mchoraji alisubiri ashtuke, na kule kusubiri ndiko kulikomwambia.

"Ulijua."

Mume alikaa ukingoni mwa kochi. "Aliniambia anaangalia angalia kazi zako, anajifunza. Nikamwambia utakasirika. Akasema basi tusikwambie."

"Na huko kiwandani alikoipeleka?"

"Hilo nilikuja kulijua baadaye. Walishamwajiri. Ningefanya nini? Ni mdogo wangu, na wewe ni mke wangu."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zile za kwanza."

Akahesabu. Miezi saba. Miezi saba mtu huyu alikuwa akipita nyuma ya kiti chake na kikombe cha chai, akimwona anabofya Tunza.

Betri alikuja kesho yake. Hakuwa na mkoba. Kaka yake alikuwa amempigia, hilo lilionekana tangu alipobisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwenye nyumba ile.

"Wifi, nisikilize kwanza."

"Nakusikiliza."

"Michoro yako ilikuwa imelala. Nusu yake hungeitoa kamwe, kila siku unasema bado, bado. Mimi niliona ni dhambi. Nilianza na mmoja tu, nijaribu."

"Na jina langu nalo lilikuwa limelala?"

Betri aliangalia mikono yake. "Waliuliza nani kachora. Nikasema mimi. Nilipofika nyumbani nikatamani nirudi kusema kweli, lakini kila siku ilipopita ikawa vigumu zaidi."

"Ungekuja kwangu."

"Ningekwambiaje?"

Mchoraji alifikiria usiku ule wa leba, mkono ule ule uliomfuta jasho, na akashindwa kuamua kama alie kwa ajili ya wakati ule au huu. Mwishowe alisema, "Nenda, Betri." Akamwita jina, hakusema wifi wala mdogo wangu. Betri akaenda.

Jumatatu alipakia daftari zake za penseli, zenye michoro yote ikiwa bado mibichi, na tarehe pembeni kwa mwandiko wake, akazipeleka kiwandani. Mkuu wa ubunifu alizifunua ukurasa kwa ukurasa, akisoma tarehe. Baada ya wiki tatu ikaja barua. Michoro ambayo haijachapwa ingerudi kwake. Vitambaa vilivyokwisha kuingia madukani vingebaki hivyo hivyo mpaka viishe. Betri alikwisha acha kazi kabla ya kuitwa.

Kwenye kompyuta, mchoraji alikata akaunti ile, akaifuta amri ya Tunza, akarudisha mipangilio yote ilivyokuwa siku kompyuta iliponunuliwa. Siku mbili alihangaika na vipicha vidogo na ile orodha ndefu ya kushoto. Ya tatu akaingia kwenye mipangilio, akavikuza mwenyewe, akiwa amekasirika kwamba wifi yake alipatia.

Halafu akaweka neno la siri. Mumewe aliliuliza mara moja tu, alipotaka kuchapisha fomu ya safari zake za kazini.

"Nipe tu, nichape haraka."

Mchoraji aliacha vyombo, akaja akifuta mikono, akasimama kati yake na kibodi, akaliandika mwenyewe akiwa amempa mgongo. Fomu ikatoka. Akafunga skrini, akarudi kwenye vyombo.