Taulo Juu ya Skrini

Kama una kanda ya video ya zamani kabatini, soma hadi mwisho kabla hujaigusa. Na kama una binti anayekaribia kuolewa, soma mara mbili.

Mume wangu Delfin alikuwa baharia wa meli za mizigo. Kabla ya safari yake ya mwisho aliazima kamera ya jirani, akajifungia chumbani, akaiweka juu ya meza na kuzungumza nayo peke yake. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga samaki. Nilisikia mnong'ono tu nyuma ya mlango. Alipotoka alinipa kanda, akasema, "Rosing, hii ni ya Analyn. Ataitazama siku ya harusi yake, kama mimi nitakuwa majini." Analyn mwenyewe alikuwa bado anavaa kandambili kinyume. Nilimcheka. Meli ile ilizama, na yeye hakurudi.

Kwetu Batangas bibi harusi hajaribu gauni lake kabla ya siku yenyewe. Binamu yangu Loida alilijaribu, akajizungusha mbele ya kioo, na bwana harusi akagongwa na basi wiki hiyohiyo. Basi kanda ile nikaihesabu pamoja na gauni. Kitu cha harusi hakichunguliwi. Niliifunga kwenye mfuko wa plastiki, nikauzungushia utepe wa gundi, nikaiweka chini kabisa ya kabati pamoja na gauni langu mwenyewe na dawa ya nondo. Haikuchezwa hata mara moja miaka yote hiyo. Nilidhani naitunza.

Wiki ya harusi ilipofika, nikaipeleka kwa Rommel nyuma ya soko, pamoja na Analyn. Rommel zamani alikuwa akipiga video za harusi na ubatizo. Sasa anahamisha kanda za watu kwenye kompyuta. Aliuchukua mkono wangu akaugusisha kwenye paji la uso wake, kama tunavyowaamkia wakubwa, kisha akafungua mfuko na uso ukambadilika.

"Mama Analyn, kanda hii ilikuwa kabatini au kisimani?"

"Kabatini. Nimeifunga vizuri."

"Umeifunga na unyevu wake ndani." Akamulika tochi kwenye kidirisha cha kanda. Pembeni mwa ule utepe mweusi palikuwa na madoa meupe kama unga wa mchele. "Hii ni kuvu. Na kwa kuwa haikuzungushwa hata siku moja, tabaka zimegandana. Nitaisafisha, nitaihamishia kwenye ganda jipya. Lakini nakwambia ukweli, inaweza kupita kwenye deki mara moja tu. Mara ya pili sikuahidi."

Na harusi ilikuwa Jumamosi hiyo.

Alifanya kazi kwa mkono, polepole, kwa pamba na kitambaa laini, hadi mchana ukapita. Mvua ikaanza kugonga bati. Alipokuwa tayari kuitia kanda kwenye deki, nikatoa taulo kwenye mkoba wangu nikaifunika skrini.

Rommel akanitazama. "Mama, unafanya nini?"

"Analyn yupo hapa. Hawezi kuiona kabla ya siku yake. Wala wewe huwezi kuwa wa kwanza."

"Sasa mimi nitafanyaje kazi bila kuona?"

"Si kompyuta ndiyo inayoandika? Au inaandika kwa macho yako?"

"Mama," Analyn akasema, "hata kanisani utanifunika taulo?"

"Wewe nyamaza. Loida naye alikuwa na maneno hivyohivyo."

Rommel alibisha. Alisema fundi asiyetazama ni sawa na mpishi asiyeonja. Nikamwambia basi nirudishie kanda yangu, nitaicheza kwa jirani, ana deki la zamani. Hapo Rommel akaacha kubisha. Alijua deki lile lingeitafuna kanda kama muwa. Akashusha pumzi.

"Sawa. Spika nazima. Nitatazama hiki kimshale cha sauti kwenye deki tu. Kikicheza, najua kanda inasoma. Lakini mama, hili ni lako, si langu."

Akabonyeza. Deki likaguna, kisha likaanza kuzunguka. Kimshale kikaruka juu na chini. Delfin alikuwa anazungumza mle ndani, hatua moja kutoka kwangu, na mimi nimesimama nashikilia pembe ya taulo isije ikaanguka. Kimshale hakikusimama. Nilimwambia Analyn, "Unaona? Kila kitu kinakwenda vizuri."

Kanda ilipofika mwisho, Rommel aligeukia skrini ndogo ya pembeni akasoma namba. Akazisoma tena.

"Sauti ni ndefu kuliko picha."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Maana yake picha zimekosekana njiani. Kompyuta ikikosa picha inaruka. Sauti hairuki. Mama, lazima nitazame. Sasa hivi, kabla deki halijapoa."

Nilikaza pembe ya taulo. Analyn ndiye aliyejibu. Alichukua mwavuli wake. "Mimi nitakaa nje, kwa muuza ndizi. Sitachungulia, naapa. Lakini wewe utazame, mama. Hilo tu nakuomba. Baba kwangu ni picha ya ukutani. Nataka nimwone mdomo ukitembea na sauti ikitoka humo humo."

Akatoka nje kwenye mvua. Niliiondoa taulo, Rommel akachezesha nakala iliyoingia kwenye kompyuta.

Delfin alikaa ukingoni mwa kitanda chetu, shati la bluu, nywele zimelowa. Mwanzoni alikuwa mzima kabisa. Aliua mbu shingoni, pa, akajicheka. Akasema, "Analyn, mwanangu, natumaini huyo kijana wako si baharia." Kisha mstari mweupe ukapita juu ya uso wake, ukafuatwa na mwingine, na skrini ikajaa chenga. Sauti iliendelea ndani ya zile chenga kana kwamba hakuna kilichotokea. Uso ukarudi kidogo, lakini sasa ulikuwa mbele ya maneno. Mdomo ulifunguka kwa kicheko bila sauti, kisha sauti ya kicheko ikaja mdomo umeshafungwa. Ilikuwa kama kumtazama mtu aliyepagawa. Halafu zikaja chenga tupu hadi mwisho, na sauti yake peke yake.

"Vichwa vya deki vimeziba," Rommel akasema. Hakunilaumu, na hilo lilinichoma zaidi. "Vinavyosoma picha. Sauti ina njia yake ukingoni mwa kanda na kichwa chake, ndiyo maana kimshale kilicheza. Mstari wa kwanza ule, ningeuona, ningesimamisha, ningevifuta, ningeendelea. Kuvu iliyobaki imejipaka humo."

"Sasa?"

"Sasa sauti tunayo yote. Picha hatuna. Naweza kupitisha tena, lakini imeshachoka. Ikikatika imekatika. Au tuache hivi, bibi harusi asikie tu."

Nilitazama dirishani. Analyn alikuwa amesimama chini ya turubai la muuza ndizi, ametupa mgongo, kama alivyoahidi. Hakugeuka hata nilipofungua mlango.

"Analyn. Inaweza kukatika."

"Nimesikia. Ukuta wenyewe ni mbao." Bado hakugeuka. "Rudieni."

Rommel akasafisha vichwa kwa spiriti. Akarudisha kanda nyuma kwa mkono, si kwa deki, kama anayekunja uzi wa mtu mwingine. Kisha akaniweka mbele ya skrini.

"Mimi kidole changu kiko kwenye kitufe. Macho yangu yako kwenye utepe ndani ya deki. Wewe ndiye macho ya picha. Ukiona mstari mweupe, hata mwembamba kama unywele, sema. Usingoje ujue ni nini."

Hivyo ndivyo nilivyomtazama mume wangu baada ya miaka yote hiyo, kama mtu anayelinda maziwa jikoni. Sikumtazama macho wala kovu la kidevuni. Nilitafuta mistari.

"Simama."

Akafuta. Tukaendelea. Delfin akaua mbu wake. Akasema habari za baharia.

"Simama."

Pamba ilitoka nyeusi. Tukaendelea. Deki likaanza kulia, sauti nyembamba kama panya. Rommel alikuwa anatokwa jasho hadi kwenye miwani. Delfin sasa alicheka na mdomo ukacheka naye. Alisema mambo ya mume na mke ambayo sitayaandika hapa. Kisha akasogea karibu na kamera.

"Haya, mwanangu," akasema. "Njoo."

Mkono wake wa kulia ukaanza kunyanyuka kutoka gotini.

Deki likapiga kelele, Rommel akabonyeza, na skrini ikawa nyeusi. Alipofungua, utepe ulikuwa umejisokota humo ndani kama tambi. Aliukata kwa mkasi, akauunga, akajaribu kilichobaki. Zilikuwa chenga tu. Ile rangi inayobeba picha ilikuwa imebanduka, imebaki kwenye deki. Kipande kile hakipo tena duniani.

Basi Rommel akachukua sauti ya mara ya kwanza, iliyokuwa nzima bila kusimama, akaiweka chini ya picha za mara ya pili. Alitumia yule mbu. Alitafuta mahali kiganja kinapogusa shingo, akatafuta mahali sauti inaposema pa, akavikutanisha. Pale tuliposimamisha akavikutanisha tena, kwa midomo. Baada ya hapo kila neno lilitoka mahali pake.

Jumamosi nilikaa karibu na skrini ya ukumbi. Bwana harusi anaoka mikate, kwa hiyo habari za baharia ziliwachekesha watu sana. Analyn hakucheka. Alitazama mdomo wa baba yake bila kupepesa. Kisha mkono ukaanza kunyanyuka, na ukumbi ukawa giza. Kijana wa vyombo alidhani mashine imeharibika, akakimbilia waya. Rommel akamshika kola.

Sauti ya Delfin ikatoka gizani. "Lete paji la uso wako. Hivyo. Mungu akubariki, mwanangu."

Analyn alinyanyuka na gauni lake zima, akaenda, akainamisha kichwa pale kwenye skrini nyeusi. Alikosea mahali. Mkono ulikuwa unakuja chini zaidi, upande wa kushoto. Mimi nilishauona ukianza kuja siku ile kwa Rommel, na sikuwa na jinsi ya kumwelekeza.

Gauni lifungieni. Sina ugomvi na hilo. Lakini kanda itoeni leo kwenye plastiki, mpeni mtu anayejua kazi yake, na mwacheni atazame.