Majalada Yaliyochanwa

Anayedhani kazi ya duka la vitabu ni kukaa kitini na kusoma, na aende mjini Bangor akamwulize Wendell Thibodeau. Wendell alikuwa ametumikia kiwanda cha karatasi tangu ujana wake mpaka kikafungwa, na mgongo ulipomwambia imetosha, akajiapiza kutafuta kazi laini. Akaipata kwa Bi Lorraine Pelletier, mwenye duka la vitabu karibu na mto. Wiki ya kwanza haijaisha, akagundua kwamba karatasi ina uzito uleule, iwe imeviringishwa kiwandani au imetiwa gundi ikawa kitabu.

Kila asubuhi maboksi yaliingia kwa mlango wa nyuma. Ayafungue, alinganishe na hati, abandike bei, apange rafuni kwa majina ya waandishi. Na akigeuka nyuma, wateja wamekwisha kupangua. Halafu akutane na mama anayetaka kile kitabu ambacho dada yake alikuwa akikisoma kwenye ndege, na anayekasirika Wendell asipokijua. Jioni alirudi nyumbani miguu ikiwaka moto, na riwaya aliyojikopesha dukani ikamwangukia kifuani kabla hajafungua ukurasa wa pili.

Lakini iliyomchosha kuliko zote ilikuwa kazi ya Februari. Sikukuu zikipita, vitabu visivyonunuliwa hurudishwa kwa wachapishaji. Vile vikubwa hurudi vizima. Vile vidogo vya bei rahisi, vya kusomea safarini, havistahili hata nauli. Kinachorudi ni jalada tu, liwe ushahidi, na kiwiliwili cha kitabu hutupwa kwenye pipa la karatasi chakavu. Ni mwiko kukiuza, ni mwiko kukigawa. Ndivyo biashara hiyo ilivyo, na Wendell hakuwa mtu wa kuibadilisha.

Siku Celia Nadeau, muuzaji aliyepewa kazi ya kumfundisha, alipomwonyesha jinsi ya kukibana kitabu kwa goti na kung'oa jalada kwa mkupuo mmoja, Wendell alijiona kama anafundishwa kumnyonga kuku wa jirani. Alisoma jina la kila kitabu kabla ya kukichana. Alisoma na sentensi ya kwanza. Jioni ikamkuta amechana vichache mno, na Celia akamwangalia akitikisa kichwa.

"Mzee, unachana au unazika?"

Basi akajizoeza kutotazama. Macho ukutani, mikono kazini. Kazi ikaenda.

Jumamosi ambayo muda wake wa majaribio kazini ulikuwa unaisha, duka lilikuwa na mgeni. Verna Stoddard, mwandishi wa riwaya za upelelezi, angekuja saa kumi na moja jioni kusoma mbele ya wasomaji na kutia saini vitabu vyake. Bi Lorraine alikuwa ameahidi kwamba wageni wakiondoka, atamwambia Wendell kama anabaki au haendelei. Kama haendelei, kilichokuwapo mjini kwa mtu wa umri wake ni ghala la mizigo kule barabara kuu, na mgongo wake ulikuwa umeshatoa jibu kuhusu ghala.

Asubuhi theluji iliyeyuka mlangoni, maji yakaingia stoo. Wendell alipiga deki, na ili boksi la vitabu vya mgeni lisilowe, akalisogeza juu ya ubao, pembeni ya vitabu vya kuchanwa. Wema wake ukamponza. Mchana alipoagizwa amalizie kuchana, aliketi mbele ya ubao ule, akageuzia macho ukutani, na mkono ukachukua kilichokuwa karibu. Alichana boksi zima, tena kwa ustadi.

Celia ndiye aliyeingia kutafuta chaki akaona lundo la majalada, yote yenye jina moja. Akafunga mlango kwa kisigino na kusema kwa sauti ya chini kwamba hakuna aliyekufa. Viwiliwili viende kwenye pipa sasa hivi, majalada yafuate, na Bi Lorraine aambiwe boksi halikufika. Wachapishaji huchelewesha maboksi kila leo; ajuza ameshazoea kuwatukana kwenye simu.

"Na hati ya kupokelea?" Wendell aliuliza.

"Hati niachie mimi. Baba, wewe unataka kazi au unataka pepo?"

Alitaka kazi. Aliitaka kwa kiasi ambacho kilimtia aibu. Akainama, akabeba vitabu vilivyo uchi kwa mikono miwili, akafika navyo mpaka kwenye pipa, akasimama. Alikuwa amechoka. Alifikiria kuusema uwongo ule leo, kisha kuulinda kesho na keshokutwa, kila Bi Lorraine atakapoinua simu, na akaona hata huo nao ni mzigo wa kubebwa. Akavirudisha vitabu ubaoni. Celia akasonya, akatoka.

Bi Lorraine alimkuta amekaa katikati ya lundo. Wendell akamweleza yote isipokuwa ushauri wa Celia. Mama yule akavuta boksi tupu akaketi, koti lake lingali na theluji.

"Hukusoma jina?"

"Sikusoma, mama. Nilijizoeza nisisome."

"Kwa nini?"

"Nikisoma, mkono haufanyi kazi."

Bi Lorraine alijikanda magoti kitambo. Hakugomba. Hatimaye akasema duka ni lake, basi hasara ni yake. Lakini vitabu ni vya Verna, na Verna ataambiwa na aliyevichana. Akaondoka kwenda kuchemsha kahawa.

Verna Stoddard aliingia akiburuta mguu mmoja. Alikuwa ametoka kaskazini kwa gari lake mwenyewe, miji minne kwa siku chache, na sura yake ilikuwa ya mtu anayetafuta kiti, si makofi. Wendell akampeleka stoo. Alikuwa amepanga maneno, lakini yote yakamkimbia, akasema tu, "Nimevichana vitabu vyako, mama. Vyote. Nilidhani ni vya kurudishwa."

Mwandishi akaokota kimoja. Akapapasa gundi iliyoachwa mgongoni.

"Najua vinachanwa," alisema. "Kila mwaka naletewa hesabu. Lakini sijawahi kukiona kimoja." Akakigeuza, akakigeuza tena. "Ni vyepesi hivi, kumbe."

Wendell akamvutia kiti.

"Ungenidanganya kwamba havikufika, kaka," Verna akaongeza bila ukali. "Wenzako wengi wamenidanganya hivyo. Aliyedanganywa hulala vizuri zaidi."

Watu waliokuja walikuwa wachache, wengine wamekwepa theluji tu. Verna alisoma akitumia kitabu kisicho na jalada, naye Bi Lorraine akawatangazia wasikilizaji, bila kumtaja mtu, kwamba duka lilikosea. Waliotaka kitabu waliandikishwa, na Verna akawatilia saini vibandiko vya kubandikwa ndani nakala zitakapofika. Bwana mmoja aling'ang'ania auziwe kilicho uchi. Bi Lorraine akakataa katakata, kilichochanwa hakiuzwi.

Wageni walipoondoka, Wendell alikunja viti polepole. Hakutaka viishe, maana vikiisha ndipo atakapoambiwa. Bi Lorraine alimngoja mpaka kiti cha mwisho.

"Utabaki," alisema.

Wendell akashusha pumzi, lakini mama yule alikuwa hajamaliza.

"Kuchana ni kwako kuanzia leo. Celia hatagusa. Na kila kitabu utakisoma jina, na la mwandishi, kwa sauti, kabla hujakibana gotini. Ukichana kumi kwa siku, kumi. Nataka stoo hii iwe na mtu anayejua anachokifanya."

"Itanichukua mpaka Aprili, mama."

"Basi mpaka Aprili."

Celia, akivaa glavu mlangoni, alimwambia kwamba angekwenda zake ghalani angepumzika. Wendell hakumbishia. Alirudi stoo akavuta kiti mbele ya rundo la vitabu vya kuchanwa kweli, ambalo lilikuwa halijaguswa tangu asubuhi, na akatafuta miwani yake.